Siku Baba Aliporudi na Gamela

Koti la kazi la baba yangu lilikuwa na harufu tatu, na kila harufu ilikuwa na makao yake. Kwenye kola ilikaa sabuni ya mche ambayo Mama aliitumia kufulia. Kwenye mikono ilikaa tindikali ya kiwandani, kali, ya kukwaruza koo, ambayo haikutoka hata miaka mitatu baada ya kiwanda kumwambia Baba abaki nyumbani. Na mifukoni lilikaa vumbi la Kamatanda, huko alikokwenda kuchimba mawe ya shaba baada ya kukosa kazi nyingine: harufu ya udongo uliotoka chini sana, ambao haujawahi kuliona jua. Ningefumbwa macho, ningekuambia bila kukosea ni sehemu gani ya koti iliyo mbele ya pua yangu. Mdogo wangu wa kike, Bijou, angeweza vilevile, ingawa alikuwa hajatimiza hata miaka mitano. Nalitaja koti hili kabla ya kitu kingine chochote kwa sababu ndilo lililotuharibia. Yote mengine katika onyesho nitakalolisimulia tuliyapanga, tukayapima, tukayarudia mpaka yakakaa sawa. Harufu peke yake hatukuipanga.

Nyumba yetu ilikuwa Panda, upande wa Likasi uliojengwa kuzunguka viwanda vya zamani, katika kambi ambayo nyumba zake za matofali zinafanana kiasi kwamba mgeni huweza kuingia kwa jirani na kuketi kabla ya kugundua kwamba amekosea mlango. Baba alikuwa na gamela, lile kopo la alumini lenye kifuniko na mshikio wa waya ambalo wafanyakazi hubebea chakula. Asubuhi Mama aliijaza bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki wadogo juu yake. Jioni watoto wa kambi nzima walikwenda kusimama mwisho wa barabara kuwangoja baba zao, na kila mtoto alimpokea babake gamela na kuifungua palepale. Baba asiyebakiza kitu ndani kwa ajili ya mtoto wake wa mwisho alisemwa. Mara nyingi kilichobaki ni tonge moja lililokauka, na siku njema ni biskuti aliyoipata njiani. Kwetu hakuna aliyekula chakula cha jioni kabla ya gamela kufika. Bukari ikiwa imekwisha tulijua Baba amekula huko aliko, na biskuti ikionekana tulijua amefika, basi na sisi tunaweza kula. Hakuna aliyetufundisha hilo kwa maneno. Tulikuwa tumelizoea tu.

Nilipokuwa na miaka kumi na mbili, mwishoni mwa mvua, shimo alilokuwa akichimba Baba huko Kamatanda lilibomoka naye akiwa ndani. Wenzake walichimba siku nne. Siku ya tano mvua ilirudi, udongo ukashuka tena juu ya ule waliokwisha kuutoa, wakaacha. Kilichorudi nyumbani ni vile vitu alivyoviacha juu kabla ya kushuka: koti lake na gamela yake. Mwenzake mmoja ndiye aliyevileta, jioni ileile ya kwanza, akiwa hajui hata aanzie wapi kusema. Bijou alikuwa barabarani anangoja. Aliiona gamela kabla ya kumwona aliyeibeba, akakimbia, akaipokea, akaifungua. Bukari ilikuwa nzima, haijaguswa, na samaki wake juu. Akaigeuza ili atuonyeshe.

"Papa hayakulya," alisema. Baba hajala. Halafu akaifunga vizuri, akamrudishia yule mtu ili ampelekee.

Tangu jioni ile Bijou hakula tena jioni. Mchana alikubali uji, vijiko vichache, lakini jua likianza kushuka alifunga mdomo na hakuna aliyeweza kuufungua. Papa hayakulya. Hakuwa na hasira wala hakulia. Alikuwa anafuata utaratibu wa nyumba. Na hakuna aliyemwambia ukweli. Mama alikuwa ameketi chini na wanawake wenzake siku zote za kilio, akanyolewa nywele, akavaa nguo za msiba, lakini alisema hawezi kumwambia mtoto kwamba baba yake amekufa wakati yeye mwenyewe hajaonyeshwa hata kidole cha kuzika. Bijou akiuliza, alijibiwa, "Papa iko ku kazi." Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali na vumbi limetanda kila mahali, muuguzi wa zahanati alimpima mkono kwa ule mkanda wao wa rangi, na mkanda ukaishia kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali. Akaurudia mara ya pili. Nilimwona Mama akiutazama mkanda ule kwa macho ambayo hakuwa nayo hata siku ya shimo, nikajua kwamba tunaweza kumpoteza na huyu pia, tena safari hii tukiwa tumekaa tunatazama.

Sasa nimlete kaka yangu, ambaye Bijou humwita Yaya, kama tunavyomwita kwetu ndugu mkubwa. Fiston alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa mfanya mazingaombwe, na hapo sitanii. Katika chumba cha vitabu cha parokia alikuwa amepata kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, chenye michoro ya mikono, na kwa mwaka mzima alikuwa ameifuata michoro ile kidole kwa kidole. Aliweza kukipoteza kijiwe cha kijani, yale mawe ya shaba ambayo kila mtoto wa Likasi anayo mfukoni, akakitoa nyuma ya sikio lako. Aliweza kumimina maji ndani ya gazeti lililokunjwa, akalikunjua kavu. Aliweza kukata kamba mbele ya macho yako na kuirudisha nzima, na hiyo kamba ndiyo iliyokuwa fahari yake. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko kichwa chake. Nasema hivyo kwa upendo. Lakini kuonyesha hakujua. Alifanya jambo moja, akasimama, akakuna kichwa, akafikiria litakalofuata, akaangusha kitu, akaomba radhi. Watoto wa kambi walimwita Subiri-Kidogo. Mimi nilikuwa mtoto wa amri, nilizaliwa hivyo, na kumtazama kaka yangu akiharibu vitu vizuri namna ile kulinikera sana.

Wazee walikuwa wamepanga kuondoa kilio mwisho wa kiangazi. Siku hiyo ukoo hukusanyika, mjane huvuliwa nguo za msiba, watu hula na kunywa na kucheza, na nyumba hurudishiwa ruhusa ya kucheka. Nilimwambia Fiston kwamba siku hiyo atafanya onyesho la robo saa, na kwamba shabaha ni moja tu: Bijou ale jioni. Kikwazo cha kwanza kilikuwa tantine Vero, dada wa Baba, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye hakuna jambo la ukoo lililopita bila kupita kwake. Alimsikiliza Fiston mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mutoto anapoteza bintu, anarudisha bintu, mu nyumba yenye muntu alipotea," alisema. "Bantu batasema nini? Batasema njo yeye alikula baba yake. Unataka bakuite mulozi?"

Hakuwa anatania. Kwetu mtoto anayefanya mambo yasiyoeleweka, hasa katika nyumba yenye msiba, anaweza kuitwa mchawi asubuhi na kufukuzwa kabla jua halijazama. Lakini tantine alikuwa pia na dawa yake. Siri zote zionyeshwe kwanza, moja baada ya nyingine, kwake na kwa wazee wa ukoo, kwa jirani wa kulia na wa kushoto, kwa katekista, na kwa Mama. Kila atakayeketi kutazama awe amekwisha kuona jiwe liko wapi, ili siku ikifika asiwepo wa kunong'ona. Basi kwa wiki mbili Fiston alizunguka na mfuko wake nyumba kwa nyumba akijifichua. "Muangalie, wazee, jiwe iko hapa, katikati ya vidole." Wazee walicheka, wakampiga begani, wakatoa ruhusa. Ilikuwa busara, na ilimlinda kweli. Mpaka leo hakuna aliyewahi kumwita kaka yangu jina hilo. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kuna mtu mmoja zaidi atakayeketi pale, tena mbele kabisa. Nani angemwonyesha Bijou siri, wakati onyesho lenyewe ni lake?

Hapo ndipo Fiston alipokata tamaa. Onyesho gani hili, aliniuliza, ambalo hata katekista anajua maji yameingia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gazeti? Nililizungusha swali hilo kichwani siku nyingi, nikichota maji, nikipepeta unga, nikiwa darasani nisisikie anachosema mwalimu. Na siku moja nikiwa nasugua masufuria nikaliona jibu lote kwa mara moja, nikasimama na mikono yangu ya majivu. Ikiwa hawawezi kushangaa, basi wafuate hadithi. Fiston asitoke na kusema sasa nitawaonyesha hiki, sasa nitawaonyesha kile. Kila jambo lizae linalofuata, asipatikane mtu wa kuuliza linatoka wapi. Na hadithi yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango: siku moja ya kazi ya Baba. Anavaa koti asubuhi. Anakwenda. Anachimba jiwe, linampotea, analipata. Anasikia kiu, anakunywa. Anafungua gamela, anakula, gamela inabaki tupu. Anarudi nyumbani, na ndani ya gamela tupu kuna biskuti. Katika hadithi yangu Baba anakula. Hilo ndilo nililolifurahia kuliko yote, naona aibu kulisema sasa: niliona kwamba nimepata njia ya kumlisha Baba ili Bijou apate kula.

Kazi ya kuunganisha ilikuwa zaidi kazi ya kutupa. Nilitupa leso za rangi, nilitupa yai, nilitupa mzaha wote aliokuwa ameukariri kutoka kwenye kile kitabu. Nilimkataza kusema. Kila mahali ambapo mikono yake ilibaki bila kazi nilimpa kitu cha kufanya ambacho Baba angekifanya: kufunga kamba ya kiatu, kufuta jasho kwa kiganja, kukung'uta vumbi la kofia gotini. Alipoangusha kitu, nilimfundisha kukiokota kwa uchovu, kama mtu aliyetoka zamu, na kuanguka kwenyewe kukawa sehemu ya siku. Tuligombana mara moja tu, juu ya kamba. Alitaka iwe kilele: anashuka shimoni, kamba inakatika, anaifunga, inakuwa nzima. Nikamwambia Mama atakuwa ameketi pale, na kamba ile waliyoivuta kutoka shimoni ikaja bila mtu anaijua.

"Lakini yangu inarudi muzima!" alinipigia kelele. "Njo maana yake, Solange! Inarudi!"

Nilimwambia ndiyo sababu. Hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne aliikunjua kamba yake yote, akaifunga kati ya miti miwili uani, akamwambia Mama aanikie nguo.

Gamela tuliitengeneza sisi wenyewe. Fiston alikata kisahani cha duara kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, kikakaa ndani ya kifuniko sawasawa, na tukakibandika hapo kwa bukari kidogo iliyolowa. Ukigonga kifuniko kwa kidole, kisahani huanguka, hulifunika tonge lililo chini, na gamela huonekana tupu, inang'aa. Biskuti ilikaa kwenye mkono wa koti, ikingoja kuteleza ndani gamela inapofungwa. Tulirudia kila siku baada ya shule, nyuma ya nyumba, mimi nikihesabu kwa kupiga makofi, mpaka Subiri-Kidogo akafa kabisa na badala yake akaja mtu mwingine. Siku ya kwanza alipovaa koti na kofia, akatembea na gamela mkononi kutoka kwenye kona ya nyumba, niliacha kuhesabu. Alikuwa amerefuka mwaka ule. Alitembea kwa kuangusha bega la kushoto, na mimi sikuwa nimemfundisha hivyo.

Siku ya kuondoa kilio mijakaranda ilikuwa imeanza kutoa maua na joto limerudi. Mama alikuwa ameoga, amevaa pagne mpya, ndiyo kitenge, na uso wake ulionekana mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Saa kumi alasiri, watu wakiwa wameshiba na kabla ya ngoma, tantine Vero alipiga makofi na kuwanyamazisha. Bijou alikuwa kwenye mkeka wa mbele, miguu yake myembamba imenyooka. Fiston alitokea kona ya nyumba. Sitalieleza onyesho lote. Linakaa ndani yangu bado na kila nikiligusa linaniumiza. Nitasema tu kwamba halikuwa na kosa. Jiwe lilipotea na likapatikana, na watu waliojua liko kidole gani walishusha pumzi lilipoonekana. Maji yalinywewa. Gamela ilifunguliwa, bukari ipo. Ikafungwa, akagonga kwa kidole, ikafunguliwa, tupu. Wazee wale wote walioshikishwa kile kisahani kwa mikono yao walikuwa wanalia. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya pagne. Fiston akafunga gamela mara ya mwisho, akatembea kuzunguka uwanja kwa bega lililoanguka, akafika mbele ya mkeka, akainama, akamkabidhi Bijou. Naye akaifungua. Biskuti.

"Papa anakwisha kufika," Bijou alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa taarifa. Kisha akasimama, akamkumbatia Fiston miguuni, akaingiza uso wake ndani ya mfuko wa koti, akavuta pumzi. Nilimwona. Alivuta harufu ya mfuko, akasogea kwenye mkono, akavuta, na Fiston alipochuchumaa akafika kwenye kola. Zilikuwepo zote tatu. Uso wa kaka yangu ulikuwa chini ya kofia, na hapo ndipo alipopaswa kuivua. Tulikuwa tumekubaliana: mwisho kabisa anavua kofia, anainama, watu wanapiga makofi, anakuwa Fiston tena. Alinitafuta kwa macho. Alikuwa ananiuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimepanga kila kitu. Nami nikatikisa kichwa kwamba asivue. Nilifanya hivyo kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu zote. Alikuwa ameshika biskuti, alikuwa karibu kula, na sikutaka lolote limkatishe.

"Kulya, mama," Fiston alimwambia, kwa sauti nzito ambayo hatukuwa tumeifanyia mazoezi.

Akala. Alikula biskuti, na jioni alikula sahani nzima ya bukari na kuku, akaomba nyingine. Watu walicheza. Tantine Vero alinibeba juu, mimi na miguu yangu mirefu, akaniita mama wa ukoo. Sijawahi tena katika maisha yangu kuwa na furaha ya namna ile, na sitaki kuwa nayo tena.

Kesho yake Bijou alimtafuta chumba kwa chumba. Jioni alikwenda barabarani kumngoja, na saa ya chakula ikafika, mdomo ukafungwa. Fiston akavaa koti. Tuliendelea hivyo siku tisa: anatokea mwisho wa barabara jua likiwa limeshuka kiasi cha uso wake kutoonekana vizuri, anampa gamela, anasema kulya, mama, kisha anasema anarudi kazini. Mashavu ya Bijou yalianza kujaa. Siku ya kumi Fiston alikaa nyuma ya nyumba na koti mapajani, akaniambia hawezi. Alisema akilivaa anasikia udongo mdomoni. Nilimsihi, nikamtukana, nikamwambia ataua mtoto. Alilikunja koti akampa Mama, na Mama akafanya kinachofanyiwa nguo za marehemu baada ya kilio kuondolewa: alilifua, akalipigapiga vizuri juu ya jiwe, na kumpa Baba mdogo, ndugu wa Baba, ambaye alilivaa miaka mingi.

Ndipo hatimaye tantine Vero alipomketisha Bijou magotini na kumwambia kwamba baba yake amekufa, amefia shimoni, tangu wakati wa mvua. Bijou alisikiliza kwa adabu. Hakulia. Alikuwa amemwona kwa macho yake, mara kumi, baada ya mvua. Alikuwa amemnusa. Mtoto mwenye akili zake angeamini nini? Aliendelea kula, maana kwake Baba alikuwa ameondoka kwa hiari, na sasa kulikuwa hakuna wa kumngoja. Alipona. Kila ninapolisimulia hili watu huniambia, basi aliishi, mnalia nini? Ni kweli, aliishi. Alikua akijua kwamba baba yake alirudi salama kutoka kazini, akamlisha biskuti, akamwangalia akirudiwa na nguvu, halafu siku moja akaamua kutokuja tena. Hakutusumbua nalo. Kwenye misa za marehemu alisema ana homa. Picha ya Baba ilipotundikwa ukutani alihamisha kitanda chake.

Mwaka jana walikuja watu wa kumposa. Fiston siku hizi anatengeneza simu sokoni, mikono yake haijapoteza akili, lakini tangu koti lile hajawahi kupoteza hata kijiwe. Mimi nafundisha darasa la nne. Mama ana nywele nyeupe. Tulikuwa tumeketi wote, Baba mdogo amechukua nafasi ya baba, na msemaji wa wageni akauliza kwa heshima, kama inavyotakiwa, baba mzazi wa binti yuko wapi. Baba mdogo akajibu, ni marehemu. Kwa desturi binti hukaa ndani na hanyanyui sauti. Bijou akatoka.

"Papa yangu hakukufa," aliwaambia. "Alikuya, akatulisha, akaenda zake. Musidanganye bageni."

Wageni walivumilia, posa ikaendelea, lakini walipoondoka nilikwenda chumbani kwangu nikaitoa gamela, ambayo nimeitunza miaka hii yote, na nikamwomba Baba mdogo lile koti. Fiston alijua ninachotaka. Tulimketisha Bijou kwenye kiti cha jikoni, mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza tukamfanyia yeye kile tulichomfanyia kila mtazamaji mwingine: tukamwonyesha siri. Fiston alivaa koti. Akaonyesha kisahani, kina kutu pembeni. Akabandika bukari, akagonga. Mara ya kwanza hakikuanguka, mara ya pili kikaanguka. Akaonyesha biskuti ilivyokaa kwenye mkono wa koti. "Ilikuwa miye, Bijou," alimwambia. "Ilikuwa miye na Solange. Utusamehe."

Bijou alitazama yote mpaka mwisho. Kisha akasimama, akamsogelea kaka yake, na kwa namna ileile, bila haraka, akanusa mfuko, akanusa mkono, akanusa kola. Baba mdogo alikuwa amelivaa na kulifua mpaka likabaki kitambaa.

"Hii haina harufu," alisema. "Ile siku nilisikia harufu yote. Sabuni, asidi, mavumbi. Haikukuwa weye, Yaya." Akamshika Fiston shavuni, kwa huruma, kwa sababu aliona kaka yake amekuwa akijitwika uongo ili kumfunika baba mbaya. Akatoka kwenda kuchambua mchele.

Aliolewa wiki tatu zilizopita, katika kanisa lilelile ambalo chumba chake cha vitabu kilimpa Fiston kile kitabu. Kabla ya kiapo padri aliwataja marehemu wa familia zote mbili, akalitaja na jina la Baba, na watu wote wakainamisha vichwa. Mimi na Fiston tulikuwa kwenye benchi la pili. Niliinua macho mara moja tu. Mdogo wangu alikuwa amesimama wima na shela lake, hakuinama, kama nilivyotegemea. Lakini hakuwa ananitazama mimi wala madhabahu. Alikuwa amegeuza shingo, anautazama mlango wa kanisa.